Mizunguko Minne ya Nati

Kama hukunisoma wiki iliyopita hujapitwa na kitu, maana nilichofanya wiki iliyopita ni kulalamika tu. Nitakupa yote kwa pumzi moja. Mimi ni mwalimu wa udereva niliyefukuzwa kazi kwa kusinzia kwenye kiti cha pembeni, huku mwanafunzi wangu akiliingiza gari la shule ndani ya kibanda cha kinyozi. Kinyozi alipona, mteja alipona, kioo hakikupona. Tangu siku hiyo nimeomba kazi sehemu tatu, na zote tatu nilipotaja jina langu walitazamana wakacheka.

Wakati mimi nashuka, mke wangu anapanda. Yeye ni mkunga, mtaa mzima unamwita Nesi, na mimi pia. Amechaguliwa kuwa msimamizi wa kituo cha afya kilicho mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Sharti ni awe na leseni ya udereva, kwa sababu uchungu wa kuzaa haungoji dereva arudi kutoka chakula cha mchana. Leseni iwe imefika kituoni Ijumaa. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Akifeli, kazi inakwenda kwa anayemfuata kwenye orodha.

Wiki iliyopita niliachia pale aliponisomea barua. Aliisoma yote, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Nilingoja aniambie mimi nitakuwa wapi katika mambo hayo. Hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Haya. Sasa nawaambieni nilichofanya, na msinihurumie.

Jumamosi asubuhi Nesi alishuka garini akiwa amekunja uso. Tulikuwa uani, kwenye kigari chetu kikuukuu cha gia za mkono.

"Mwalimu, klachi hii inakamata juu mno," akasema. Hata yeye huniita Mwalimu. "Mguu wangu unaning'inia, unatetemeka. Mkaguzi ataniona natetemeka, atadhani naogopa."

"Kwani huogopi?"

"Naogopa. Ila sitaki aone."

Nilifunua boneti, nikampa spana namba kumi na mbili. Mimi simfanyii mwanafunzi, namwonyesha afanye. Nikamwonyesha waya wa klachi unavyotoka kwenye pedali na kuishia kwenye gia boksi, na ncha yake yenye nyuzi, na nati mbili juu yake: moja ya kurekebisha, nyingine ya kukaza ili ya kwanza isitembee.

"Ukilegeza, pedali inapata nafasi zaidi ya kushuka bure kabla ya kufanya kazi," nikamwambia. "Nafasi hiyo iwe upana wa vidole viwili. Ikiwa haipo kabisa, klachi itateleza mpaka iungue. Ikizidi, klachi haiachii. Gia zitalia, na gari litatambaa hata ukiwa umekanyaga mpaka chini."

Alilegeza nusu mzunguko, akaenda kupima pedali kwa vidole, akarudi, akalegeza tena. Alikwenda na kurudi mara tano. Sijapata mwanafunzi mwenye subira ile.

Alipomaliza nikamwambia alete rangi ya kucha.

"Ya nini?"

"Tunatia alama. Mstari mmoja juu, uanzie kwenye nati uingie kwenye ncha ya waya. Nati ikisogea, mstari utakatika, na wewe utajua. Nati haijifungui yenyewe ikiwa imekazwa. Ukikuta imesogea, jua kuna mkono wa mtu."

"Kumbe ndiyo maana chupa zangu zinakwisha na kucha zangu ziko tupu," akasema, lakini aliichora alama vizuri, nyekundu, mstari mmoja.

Tukaenda kwenye kilima cha tangi la maji. Mimi kilimani hutumia kiberiti. Nakisimamisha nyuma ya tairi, mwanafunzi anasimama, anashikilia gari kwa klachi, kisha anaondoka kupanda. Gari likirudi nyuma hata kidogo, kiberiti kinabonyea. Kwa wiki sita Nesi alikuwa ameniulia viberiti pakiti nzima.

Siku hiyo gari lilisimama, likanguruma kidogo, likapanda. Nikaokota kiberiti. Kizima.

Alisimamisha gari kule juu, akashuka mbio, akakichukua mkononi mwangu akakigeuza geuza. Kisha akanirudishia. "Kiweke," akasema. "Kesho kutwa nikiogopa nitakuomba unionyeshe."

Nilikitia mfukoni nikatabasamu. Na hapo hapo, nikiwa nimesimama karibu na tangi la maji, nikaelewa kwamba atafaulu. Wiki zote sita nilikuwa namfundisha mke wangu namna ya kuniacha, na nilikuwa nimemfundisha vizuri.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nageuka geuka mpaka yeye akahamia ukutani. Nilijiona nikiamka Jumanne, Jumatano, nimekaa na mama mkwe mezani, mimi na yeye, tunapeana chumvi. Mwanamume wa miaka arobaini na minne, hana kazi, hana mke wa karibu, kazi yake kungoja simu. Mnaweza kusema huo ni wivu. Ulikuwa woga.

Jumapili Nesi alikuwa zamu. Sikuweza kukaa. Nilikunywa chai nimesimama. Nikafagia uwanja uliokuwa umefagiwa. Ilipofika saa nne nikajikuta nimefunua boneti.

Nililegeza nati ya kukaza. Nikazungusha ile ya kurekebisha mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Mizunguko kamili, makusudi, ili ile rangi nyekundu ya nati irudi kutazama juu kama ilivyokuwa. Nikakaza. Nikajiona mjanja.

Nikapima pedali. Vidole sita.

"Baba, si mlimaliza jana?"

Alikuwa mama mkwe, na beseni la nguo mbichi. Anaishi nasi tangu afiwe na baba mkwe, na Nesi ndiye mtoto wake wa pekee.

"Shikamoo, mama. Namalizia tu kidogo."

"Marahaba." Akaanika shuka ya kwanza, akaanika na ya pili. Kisha akauliza, mgongo wake ukiwa kwangu: "Gari likikataa siku ya mtihani, wanafanyaje?"

"Anarudi baada ya mwezi, mama."

"Na ile kazi?"

"Kazi haingoji mwezi."

Akageuka. Akaitazama spana mkononi mwangu kwa muda ambao sikuupenda. "Nyumba itakuwa kimya sana akiondoka," akasema, akachukua beseni lake tupu akaingia ndani. Ndivyo tu alivyosema. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, maana mtalihitaji baadaye.

Jumatatu nilikuwa na mpango safi. Nitampeleka Nesi, atafeli, mimi nitafunua boneti mbele ya watu na kusema, "Lo, waya umelegea." Nitamkumbatia. Atalia kidogo. Maisha yataendelea.

Nilichosahau ni kwamba wa kuendesha gari lile mpaka uwanja wa mtihani ni mimi.

Gia ya kwanza ililia mpaka jirani akatoka dirishani. Nikazima, nikaingiza gia gari likiwa limezimwa, nikaliwasha likaruka mbele kama mbuzi.

"Mbona gia inalia?" Nesi akauliza.

"Baridi ya asubuhi."

"Jana kulikuwa na baridi zaidi," akasema mama mkwe kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa ameng'ang'ania kuja. Alisema hawezi kukaa nyumbani mwanawe akiwa kwenye mtihani.

Kwenye kila makutano nilikuwa nakanyaga klachi mpaka sakafuni na bado gari linatambaa, linasukumana na breki. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni. Nesi hakuwa ananitazama tena. Alikuwa amefumba macho, mkono wake wa kushoto uko pajani, unabadilisha gia hewani: moja, mbili, tatu, rudi mbili. Midomo inacheza. Alikuwa amevaa vile viatu vyeupe vya kazini vyenye soli nyembamba, kwa sababu nilimwambia soli nene hainusi klachi.

Viatu vile ndivyo vilivyonivunja. Alikuwa amefuata kila nilichomwambia.

Nikaingia kituo cha mafuta. "Natia upepo kidogo," nikasema, nikafungua buti nitoe spana, nirudishe ile mizunguko minne, dakika mbili tu, yaishe. Kisanduku cha vyombo kilikuwa na namba kumi, kumi na moja, kumi na tatu. Kumi na mbili haikuwepo. Nikapapasa chini ya zulia. Nikamwuliza mhudumu wa kituo, akaniletea spana ya magurudumu, kubwa kama mkono wangu.

"Tunachelewa, Mwalimu," Nesi akaita.

Mama mkwe alikuwa anatazama nje ya dirisha, upande ambao hakukuwa na kitu cha kutazama.

Uwanja wa mtihani ulikuwa na foleni ya magari manne. Mkaguzi alikuwa mwanamama mfupi mwenye filimbi shingoni na ubao wa kuandikia. Ilipofika zamu yetu akagonga kioo kwa kalamu. "Mtahiniwa abaki na gari. Wengine kwenye benchi. Dakika tano za kukagua gari ni zako, dada, ukiwa tayari niite."

Nilishuka. Nikarudi dirishani. "Nesi, ngoja. Hiyo klachi..."

"Usiniambie kitu sasa hivi," akasema bila kufumbua macho. "Kichwa kimejaa. Ukiongeza kimoja, kingine kitamwagika."

Na mimi, nasema kweli tupu, nilifurahi kukatazwa. Nikaenda nikakaa kwenye benchi kando ya mama mkwe nikiwa nimeshika kiberiti mfukoni.

Waliomtangulia walikuwa wametumia dakika zao tano kuzunguka gari na kupiga tairi teke. Nesi hakuzunguka. Alikaa kwenye usukani, akainama, akabonyeza pedali ya klachi kwa mkono. Mara moja. Mara ya pili. Akabaki ameinama.

Kisha akashuka, akafunua boneti, akafungua mkoba wake. Akatoa spana.

Niligeuka kwa mama mkwe. "Mama?"

"Uliiacha ukutani, karibu na sabuni yangu," akasema taratibu. "Nikaitia kwenye mkoba wake asubuhi. Nikamwambia mume wako amesahau chombo, huenda kikahitajika."

Pale nilipokuwa niliona mgongo wa Nesi tu. Niliona kiwiko kinakwenda na kurudi. Mkaguzi alisogea, akakunja mikono, akatazama. Nesi akaenda kupima pedali kwa vidole. Vidole viwili. Akafunga boneti, akajifuta mikono kwa karatasi, akasema jambo. Mkaguzi akaingia.

Sitawachosha na mtihani wenyewe. Gia hazikulia. Kwenye kilima gari lilisimama, likapanda, na kama kungekuwa na kiberiti nyuma ya tairi kingesalimika.

Mkaguzi alikuja moja kwa moja kwangu. "Wewe ndiye uliyemfundisha?"

"Ndiyo."

"Nina miaka kumi na moja hapa. Sijaona mtahiniwa anayepima klachi, akakuta mbovu, akairekebisha mwenyewe mbele yangu. Unafundisha shule gani?"

Nikakohoa. Akadhani ni unyenyekevu, akanipa mkono. Sijawahi kupewa sifa iliyouma namna ile.

Kurudi aliendesha Nesi. Cheti cha kufaulu kilikuwa juu ya dashibodi. Mimi pembeni, mama mkwe nyuma. Nikampongeza, akasema asante. Mama mkwe akampongeza, akasema asante. Tukavuka daraja.

"Minne," Nesi akasema.

"Nini?"

"Mizunguko. Nilihesabu wakati naikaza. Rangi ya nati ilikuwa inatazama juu vizuri kabisa. Ila rangi ya ncha ya waya ilikuwa imebaki mbali, nyuzi nne nyuma."

Mwalimu mzima. Mimi ndiye niliyemwambia mstari uanzie kwenye nati uingie kwenye waya, halafu nikaficha nusu ya mstari. Njia ya mwongo fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa nyuzi nne.

Nesi aliingiza gari uani, akalisimamisha sawasawa chini ya kamba ya nguo, akazima injini. Hakushuka. Hakuna aliyeshuka.

Akatoa kwenye mkoba karatasi ambayo sijapata kuiona.

"Kituo hakina dereva," akasema. "Wa zamani amestaafu. Msimamizi mpya anaruhusiwa kupendekeza mtu wake. Fomu hii inakwenda pamoja na leseni yangu."

Akaniwekea mapajani. Kwenye mstari wa jina la dereva palikuwa na jina langu, kwa penseli, kwa mwandiko wake.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Umekataliwa mara tatu, Mwalimu. Nilikuwa nakuona unavyorudi unavua viatu mlangoni bila kusalimia. Bila leseni yangu fomu hii ni ya kufungia maandazi. Nikasema nipate leseni kwanza, ndipo niwaambie wote wawili kwa mara moja. Nyumba wanayonipa ina vyumba vitatu. Cha tatu ni cha mama."

Nyuma yetu mama mkwe alivuta pumzi, akaishikilia.

"Sasa niambieni," Nesi akasema. "Kila siku kazini nawaambia wanawake, mficha uchi hazai, semeni panapouma nisaidie. Na mimi nasema nanyi hivyo hivyo. Nati haijifungui yenyewe. Ni mkono wa nani?"

Nilijua jibu. Lilikuwa neno moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni. Nilichokuwa nakitazama ni lile jina la penseli, na jinsi penseli inavyofutika kwa urahisi.

"Wangu," akasema mama mkwe.

Nesi akamtazama kwenye kioo. "Mama, wewe hutofautishi spana na kijiko."

"Sikusema nilishika spana. Nimesema mkono ni wangu. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimlilia jana, nikamwambia ukimwacha mwanangu aende mimi nitakufa peke yangu humu ndani. Alikataa. Nikalia tena, akakataa. Mara ya tatu nikamshika miguu. Angefanyaje? Mkwe haachwi chini akilia."

Hakuna hata neno moja la kweli. Nyinyi mnajua, niliwaambia yote aliyoyasema: maswali mawili na sentensi moja juu ya nyumba kuwa kimya. Hakulia, hakunishika hata kidole. Alidanganya bila kupepesa, mama wa watu, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu.

Nesi akanigeukia. "Ni kweli?"

Kichwa changu kikaitikia. Sikukituma. Kilishuka, kikapanda, na jambo likawa limeshasemwa.

Kisha mabega yake yakashuka, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Basi kosa lako ni kushindwa kumkatalia mama yangu. Hilo nalielewa. Hata mimi simwezi."

Akachukua fomu mapajani mwangu, akaiweka juu ya usukani, akatoa kalamu ya wino. Akaanza kupita juu ya penseli, herufi moja moja, kwa utulivu ule ule aliokuwa nao akipima pedali.

"Mama," akasema bila kuinua kichwa. "Kile chumba cha tatu nitawaandikia hatukihitaji. Wewe utabaki hapa."

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka nitakapoweza kukutazama usoni. Nimekunywa maziwa yako, mama, halafu unataka nishindwe. Sijui itachukua muda gani."

"Sawa," akasema mama mkwe. "Ni haki yako."

Nikainua macho kwenye kioo. Alikuwa ananingoja humo. Macho yake yalikuwa mekundu, na alitikisa kichwa mara moja tu, kidogo, kunikataza nisiseme.

Mfukoni kitu kikavunjika. Kilikuwa kile kiberiti, nilikuwa nimekikamata mno.

Jina langu lina herufi saba. Kalamu imeshafika ya nne, na mimi bado nimenyamaza.